Pini saba, rivasi haimo

Jiwe lenyewe si kubwa. Linafika usawa wa goti, limejilaza pembeni mwa uwanja wa kaka yangu kule Buswelu kama mbuzi aliyeshiba. Mwanza ukinunua kiwanja unanunua na mawe yake. Mengine unayapasua kwa moto na nyundo ukajengea msingi, mengine unayaacha kwa sababu gharama ya kuyang'oa inazidi faida ya nafasi utakayoipata. Hili liliachwa. Watoto walilianikia viatu, shemeji alilikalia akichambua dagaa, na kwa miaka sita halikumkosea mtu. Mpaka jioni moja ya Januari, kaka alipokuwa akirudisha tela nyuma, bomba la tangi la maji likakutana nalo.

Mlio ulikuwa mdogo tu, kama wa mtu aliyevunja muwa. Kisha lita 100 za maji ya kunywa zikaanza kushuka uwanjani taratibu, sote tukizitazama, usiku wa kuamkia safari.

Kaka yangu huyu ni mtoto wa mama mkubwa, amenizidi miaka tisa, na kazi yake ni kupeleka wageni Serengeti kwa njia ya huku kwetu, ile ya magharibi. Unatoka mjini kwa Igoma na Kisesa, unapita Magu, na ukishafika Lamadi huna safari tena, maana geti la Ndabaka liko jirani na barabara kuu. Anaendesha Land Cruiser mkonga, na nyuma yake anavuta tela la magurudumu mawili lililochomelewa na mafundi wa hapa hapa mjini. Humo ndani mna mahema, majiko ya gesi, friji dogo, viti vya kukunja na lile tangi. Wageni wakifika kambini wanalizunguka tela na kulipiga picha kuliko wanavyompiga nyumbu.

Jioni ile utingo wake alikuwa amekwenda kufunga geti. Kioo cha kulia kilionyesha ukuta, cha kushoto kilionyesha mwembe, na cha kati kilionyesha bati la mbele la tela, kama kilivyofanya siku zote tangu tela linunuliwe. Jiwe halikuonekana popote. Haliwezi kuonekana, kwa sababu chochote kilichoko nyuma ya tela na chini ya kiuno cha mtu, kwa dereva hakipo.

“Nafunga kamera,” kaka akasema, akiwa ameshika kipande cha bomba mkononi.

Nikadhani ni kazi ya saa moja.

Anayevuta tela kwenda mbele hajavuta kitu. Kazi iko kwenye rivasi. Gari peke yake likirudi nyuma linakwenda unakolielekeza, lakini tela linakwenda kinyume. Ukikata usukani kulia, mkia wa gari unakwenda kulia, unalisukuma tela pua yake kulia, na kwa kuwa limeungwa kwa kiungo kimoja tu, mkia wake unaelekea kushoto. Kaka alifundishwa hila moja na dereva wa zamani wa malori ya pamba, nayo ni kushika usukani chini kabisa, karibu na magoti, halafu kuupeleka mkono upande unaotaka tela liende. Mkono ukienda kushoto, tela linakwenda kushoto. Nimejaribu mwenyewe kwenye uwanja wa mpira. Mkono ulielewa, kichwa kikawa kinabishana nao.

Na mtu asidhani tela fupi ndilo rahisi. Semi ya futi 40 inapinda polepole na inakupa muda wa kujuta. Tela fupi la magurudumu mawili linakunjika kabla hujamaliza kusema “eh”, na likishakunjika hakuna usukani utakaolikomboa. Unakwenda mbele, unanyoosha, unaanza upya, huku wageni wakitazama.

Wazee wetu walilimaliza suala hili mapema. Mkokoteni wa ng'ombe hauna rivasi. Usukumani mkokoteni ukiingia mahali pasipogeuzika, ng'ombe wanafunguliwa nira, wanaume wanaushika mkokoteni kwa mikono na kuugeuza, kisha ng'ombe wanafungwa upya na safari inaendelea. Kwa tela tupu, kaka bado anatumia njia hiyo hiyo. Analifungua, yeye na utingo, kijana wake, wanalisukuma kwa mikono hadi mahali pake, na hakuna anayetokwa jasho la aibu.

Kwa magari, suluhisho lilikuwa utingo. Watu wanamtania utingo kwa kulala juu ya mzigo na kula kwa mama ntilie kwa jina la bosi, lakini mtazame lori linapoingia ghalani. Anaruka chini magurudumu hayajasimama, anakwenda nyuma upande wa dereva ili aonekane kwenye kioo, kisha anaanza: “Njoo, njoo, njoo. Kata kulia. Kata yote. Nyoosha. Njoo. Bado, bado, bado… hapo!” Pakiwa na kelele anapiga bodi kwa kiganja, na kila gari lina desturi yake ya mapigo. Kanuni isiyoandikwa ni moja: utingo akipotea kwenye kioo, dereva anasimama. Kaka aliivunja kanuni hiyo jioni ya jiwe, na anakiri.

Mwanza ilikuwa na mahali pawili pa kuitazama kazi hii ikifanywa kwa ustadi. Pa kwanza ni Kigongo, kwenye kivuko cha kwenda Busisi, kabla ya Daraja la J. P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025 na kuuvusha ule msongamano kwa kilomita 3 za zege juu ya Ghuba ya Mwanza. Waliokuwa wakisafiri kwenda Sengerema na Geita wanakumbuka wapangaji wa magari kivukoni. Walikuwa wakiyasogeza malori kwa vidole viwili tu, bado kidogo, bado kidogo, mpaka ukitaka kushuka garini mlango haufunguki. Siikumbuki ile foleni kwa mapenzi. Wale watu nawakumbuka.

Pa pili ni bandari ya Mwanza Kusini, na pale bado papo. Meli ya MV Umoja, iliyotengenezwa miaka ya 1960, inabeba mabehewa ya treni. Ina reli ndani yake. Meli inageuzia mgongo gati, reli za nchi kavu zinaunganishwa na za melini, kisha kichwa cha treni kinayasukuma mabehewa yaingie kwa nyuma, tayari kwa safari ya Port Bell, Uganda. Dereva wa kichwa haoni mbele. Anachokiona ni ubavu wa behewa na mtu mmoja anayempa ishara. Mtu yule akishusha mkono, tani zote zile zinasimama. Ukiisha kulitazama hilo, tela la mahema na viti vya kukunja linakuwa kitu kidogo sana, ingawa sikumwambia kaka hivyo.

Kamera ni jambo la zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1956 kampuni ya General Motors ya Marekani ilionyesha gari la maonyesho, Buick Centurion, lililokuwa na kamera ya televisheni nyuma na skrini mbele ya dereva badala ya kioo. Halikuuzwa. Mwaka 1991 Toyota walitia kamera ya nyuma kwenye Soarer iliyouzwa kwao Japani. Kilichoifanya kuwa lazima ni vifo vya watoto. Mwaka 2002 huko New York baba mmoja alirudisha gari nyuma nyumbani kwake bila kujua mwanawe wa miaka miwili yuko nyuma. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo ilitiwa saini mwaka 2008, na ikachukua miaka kumi tena, hadi Mei 2018, ndipo kila gari jipya dogo likalazimika kuuzwa Marekani likiwa na kamera. Japani walifuata mwaka 2022 kwa matoleo mapya, na kwa kuwa magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, sheria ya Tokyo itatufikia Mwanza yenyewe baada ya miaka kadhaa, ikiwa ndani ya boneti.

Kwa sehemu imeshafika. Magari mengi madogo yanashuka bandarini Dar es Salaam yakiwa na kamera, ila skrini inaongea Kijapani na kudai kadi ya ramani iliyobaki Yokohama. Malori ndiyo yanayofurahisha. Fuso likitiwa rivasi, sauti ya mwanamke mpole inatangaza “bakku shimasu”, yaani narudi nyuma, na kuomba watu wawe waangalifu. Watoto wa mtaani kwetu wanaijua sentensi nzima. Wanaisema wakirudi kinyumenyume kwenye mchezo wa kujificha. Wauza samaki wa Kirumba hawajafundishwa Kijapani na mtu yeyote, lakini ikisikika tu wanaondoa beseni njiani.

Fundi tuliyemwendea yuko Nyakato, chini ya bati lililoegemezwa kwenye kontena. Ni mtu wa makamo, mkimya, mwenye bisibisi ndogo iliyopachikwa juu ya sikio kama kalamu ya mwalimu. Kaka alifika na boksi la kamera alilolinunua mjini, bei yake haifikii tairi moja. Akalifungua kwa fahari. Kamera ilikuwa ndogo kama kifundo cha kidole gumba, ikiwa na waya wenye vichwa vya njano.

Fundi hakuitazama. Alikwenda kuchuchumaa katikati, kati ya gari na tela, pale kwenye kichwa cha chuma cha duara chenye milimita 50, kikubwa kama yai la bata, ambacho tela hukikalia. Akakitazama kwa muda. Akalitikisa tela kwa mkono, akaangalia jinsi linavyocheza.

“Mkubwa, waya utapita wapi?”

“Chini ya gari, si ndiyo?”

“Chini ya gari sawa. Hapa je?”

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hatutakula chakula cha mchana kwa wakati.

Alianza kwa kupima. Alichukua kipande cha kamba, akakinyoosha kifua wazi mkono hadi mkono, kama mvuvi anayepima makokoro. Pima tatu kutoka kwenye dashibodi hadi mkia wa gari, pima mbili na nusu za tela, nusu pima ya kulegea pale katikati. Waya wa kwenye boksi ulikuwa na mita sita. “Hii ni ya gari dogo,” akasema, akaurudisha ndani ya boksi kwa upole, kama mtu anayemrejeshea mwenzie chenji yenye kasoro.

Kisha akafungua plagi ya tela, ile ya duara inayochomekwa nyuma ya gari ili taa za tela ziwake. Ina pini saba. Akatuonyesha moja moja kwa ncha ya bisibisi, na mimi nikaandika kwenye daftari, kwa sababu sijawahi kuona kitu cha kila siku chenye siri kama hiki. Indiketa ya kushoto, waya wa njano. Indiketa ya kulia, kijani. Taa ndogo ya kulia, kahawia. Taa ndogo ya kushoto, nyeusi. Breki, nyekundu. Athi, nyeupe, ndiyo inayourudisha umeme kwenye betri. Na wa bluu ni wa taa ya ukungu.

“Rivasi?” kaka akauliza.

“Rivasi haimo.”

Nimefuatilia baadaye, na ndivyo ulivyo mpangilio huo wa Ulaya wa pini saba kwa magari ya volti 12. Gari linaliambia tela kwamba linakata kona, kwamba linafunga breki, kwamba usiku umeingia. Kwamba linarudi nyuma, haliliambii. Ipo plagi nyingine ya pini 13 yenye nafasi ya rivasi, lakini tela la kaka halikuchomelewa kwa ndoto hizo. Fundi alishazoea. Tela halina taa ya ukungu, na Mwanza ukungu ukija unaondoka kabla ya chai, kwa hiyo pini ya bluu ilikuwa imekaa bure. Akaitoa kwenye ukungu akaipa rivasi. Nyuma ya gari akaunganisha na waya wa taa nyeupe ya kurudi nyuma, akapitisha kwenye fyuzi, na tangu hapo kaka akitia rivasi tela linajua.

Ikabaki picha. Nilidhani picha nayo itapita kwenye pini fulani. Haipiti. Waya wa picha umevikwa wavu wa nyuzi nyembamba za shaba ili umeme wa indiketa na wa alternata usiingie ndani yake ukaleta mistari kwenye skrini. Ukiukata ukauunganisha kwenye pini za kawaida, unapata kitu kama televisheni ya zamani siku ya radi. Lazima iwepo plagi ya pili, yake peke yake. Fundi akatoa ile inayotumika kwenye malori, yenye pini nne na pete ya kukaza kwa kuzungusha. Akatoa na waya wa msokoto, unaovutika na kujirudi kama waya wa simu za mezani za zamani, ili tela likikata kona waya urefuke na likinyooka usiburuzwe barabarani.

“Si ungefunga ile isiyo na waya?” nikauliza. Nilijiona nimesaidia.

Akacheka kidogo. Picha ya namna ile, akanieleza, inakwenda kwa mawimbi yale yale yanayotumiwa na waifai na bluutuu, na hapa inatakiwa kupenya tela la bati, kisha gari la bati, mita kumi na zaidi. Zipo nzuri, bei yake si hii. Za bei nafuu ameshaona dereva ametia rivasi kwenye maegesho akaonyeshwa nyuma ya gari la mtu mwingine. “Halafu, dada, hiyo kamera itakula nini? Hata isiyo na waya inataka waya.”

Kwenye rafu yake palikuwa na kopo la kamera zilizokufa. Nyingi zilitoka kwenye malori. Lori lina betri mbili na volti 24, kamera nyingi za dukani ni za volti 12, na mwenye haraka anaunganisha tu. “Moshi mmoja,” fundi akasema, akainua kidole kimoja.

Kazi iliyochukua muda kuliko zote ni athi. Taa za tela lile zilikuwa zikikonyeza kila tukipita tuta, na kaka alikuwa ameshabadilisha balbu mara nyingi akiwalaumu Wachina. Fundi akaweka mita yake, akatuonyesha. Waya mweupe wa athi ulikuwa umekatika zamani ndani ya plagi, na umeme ulikuwa ukirudi kwenye gari kwa kupitia kile kichwa cha chuma cha duara, chuma kwa chuma, kupitia kutu na grisi. Barabara ikiwa laini chuma kinagusana, taa inawaka. Tuta likija kinaachana, taa inazima. Kamera haiwezi kuishi hivyo, itawaka na kuzima kama kimulimuli. Akavuta waya mpya mnene kutoka plagi hadi mwisho wa tela, akakwangua rangi ya chasisi mpaka chuma kikang'aa, akakaza kwa bolti, akapaka grisi juu. Kwa mara ya kwanza tangu nilijue tela lile, indiketa zake mbili ziliwaka kwa nguvu sawa. Kaka akakaa kimya akizitazama. Nadhani alikuwa anahesabu balbu.

Kamera yenyewe ilifungwa kwa dakika ishirini. Ubishi ulikuwa wa urefu. Kaka aliitaka chini, juu ya namba, kama kwenye magari madogo aliyoyaona mjini. Fundi aliitaka juu kabisa, chini kidogo ya paa, ikiangalia chini. Huko chini, alisema, vumbi la Ndabaka litaiziba siku ya kwanza na matope ya masika yatamalizia. Tena ikiwa juu unauona ukingo wa tela lako mwenyewe kwenye picha, na ukiuona mkia wako ndipo unapojua jiwe liko mbali kiasi gani nao. Akashinda fundi. Akachunguza maandishi kwenye kamera, akaridhika na IP67, alama inayosema vumbi haliingii na kwamba inavumilia kuzamishwa kwenye maji ya mita moja kwa nusu saa. Hata hivyo akampiga marufuku kijana wa kaka kuielekezea mpira wa kuoshea magari. Maji ya kusukumwa kwa mashine ni habari nyingine, na alama yake ni nyingine.

Tukawasha. Picha ikaja, safi. Kijana alikuwa amesimama nyuma ya tela upande wa kushoto. Kwenye skrini alikuwa kulia.

Kamera za namna hii zinaweza kufungwa mbele au nyuma. Ya mbele inaonyesha ulimwengu ulivyo. Ya nyuma lazima igeuze picha kama kioo, la sivyo dereva anamkwepa mtu kwa kumfuata. Kwenye waya wake kulikuwa na vijiwaya viwili vilivyokunjwa duara, kimoja cheupe kimoja kijani, na karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina. Fundi akakata kimoja. Mistari ya rangi ya kupimia umbali ikatoweka kwenye skrini, kijana akabaki kulia. Akakata cha pili, kijana akahamia kushoto. Kaka akahuzunikia mistari yake. Fundi akamwambia haina kazi kwenye tela: imechorwa kwa ajili ya gari lisilopinda katikati, na tela likianza kukunjika mistari inaelekeza njia ambayo hakuna gurudumu litakaloipita.

Saa kumi jioni tulikuwa tumemaliza. Zilikuwa zimepita saa tano na nusu. Dakika ishirini za kamera, nusu saa ya skrini, nusu saa ya chapati na maharage ya kukimbizana. Yote yaliyobaki yaliishia kwenye ile nafasi ya katikati ambayo mtu anaivuka kwa hatua moja. Kabla hatujaondoka fundi akatushauri kamera ya pili, ya mkia wa gari, inayotazama kile kichwa cha duara tu. Kaka akakubali kwa shingo upande. Ndiyo aliyokuja kuipenda zaidi. Zamani kuliunga tela ilikuwa ngoma ya dakika kumi, kijana akipiga kelele mbele, nyuma, kushoto kidogo, umepita. Sasa anakiona kichwa cha duara kikiingia chini ya kikombe chake. Anasimama, kijana anashusha, mlio wa “klaki”, basi.

Jaribio la kwanza lilifanyika nyumbani Buswelu, mashahidi tukiwa mimi, shemeji, watoto na mbuzi wa jirani. Kaka akatia rivasi. Skrini ikawaka, jiwe likaonekana lote, hata viatu vya mtoto vilivyoanikwa juu yake. Akarudi taratibu, mkono chini ya usukani, macho kwenye skrini. Tela likapita jiwe kwa nafasi ya dhiraa nzima. Tukashangilia. Katikati ya shangwe tukasikia bati likikwaruzwa, na safari hii mlio haukutoka nyuma. Gari likirudi huku limekatwa, pua yake inafagia upande wa pili. Alikuwa ameupaka mwembe bampa la mbele kwa umakini mkubwa, akitazama jiwe.

“Kamera ya mbele je?” shemeji akauliza, kisha akaingia ndani kabla hajajibiwa.

Niliwasindikiza safari iliyofuata, hadi Lamadi. Tuliingia kambini ufukweni usiku, upande wa Ghuba ya Speke, na ilikuwa siku ambayo ziwa limetoa wadudu wake. Wanaoishi pwani ya Nyanza wanawajua: mchana unaona kama moshi umesimama wima juu ya maji, usiku moshi huo unakuja kutafuta taa. Kaka akatia rivasi, taa nyeupe ya nyuma ikawaka, na skrini ikawa kama uji wa ulezi unaotokota. Hapakuwa na mti, hapakuwa na hema, hapakuwa na ziwa. Kijana akashuka bila kuambiwa, akavua kofia, akaifuta kamera, akarudi upande wa dereva pale kioo kinapomwona. “Njoo, njoo. Nyoosha. Njoo.”

Wakati wa kurudi, tela likapata pancha Kisesa. Tulilifungua tukaliacha kwa mama muuza mihogo, tukaondoka na gari na lile tairi kwenda kuziba. Kijana alichomoa plagi ya pini saba kama alivyozoea miaka yote. Nilisikia kitu kikikatika tulipokuwa tunaondoka, nikadhani ni jiwe chini ya gari. Tuliporudi na tairi na kuliunga tela, kaka akatia rivasi ili asogee kivulini, na skrini ikawa bluu tupu.

Akapiga simu Nyakato, akaweka spika.

“Fundi, kamera yako imekufa. Safari moja tu!”

“Pole, mkubwa. Ya kwenye tela au ya kwenye gari?”

“Ya kwenye tela.”

“Tela liko wapi?”

“Nyuma yangu hapa.”

“Na gari?”

“Nimekaa ndani yake, fundi!”

“Basi shuka, uangalie katikati.”